Uyoga Wenye Mfupa

Wiki tatu baada ya kumzika Kuka, babu yangu, tulikutana tena katika nyumba yao ya kupanga pale Mogogosiek ili kugawana nguo zake na kuamua Kukhu, bibi yangu, atakaa na nani. Mimi nilipewa kazi ya kupika, kama kawaida. Walinichinjia jogoo mwekundu, nikampika asubuhi nzima kwa moto mdogo, na nilipoanza kupakua nikajikuta nimeshika mwiko wenye kitu kimoja nisichojua nikiweke wapi. Ilikuwa firigisi, kile kipande kigumu cha ndani ambacho sisi watu wa magharibi tunakiita imondo. Kwetu imondo haiulizwi ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba. Miaka yote niliyopika katika jiko lile niliiweka kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, nikaipeleka mbele ya Kuka kwa mikono miwili. Sasa sahani ile ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kifudifudi, na katika kiti cha Kuka alikuwa ameketi mjomba Wekesa, mtoto wao wa kwanza. Hakukaa pale kwa ubaya. Nyumba ilikuwa imejaa na kiti kilikuwa wazi. "Nekesa," aliita kutoka sebuleni, "unangoja nini huko? Watu wana njaa." Nilibaki nimesimama na mwiko wangu. Moyoni nilikuwa nimerudi mwaka mwingine, mwaka ambao imondo ilipita kwenye mkono wangu kila wiki na mguu wa Kukhu ukiwa karibu kukatwa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sekondari haikuwezekana, na nilikaa na wazee wangu hao wawili. Nilikuwa msichana wa kujificha. Mgeni akiingia mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Mama Chepkoech, aliyetupangisha vyumba, mama wa Kipsigis mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, alikuwa akiniambia, "Wewe Nekesa, siku moja utameza huo ulimi na hakuna mtu atajua." Mahali nilipopumua vizuri ni jikoni. Lilikuwa jiko la udongo nyuma ya vyumba viwili vya mabati, lenye mafiga matatu na dirisha dogo lililotazama shamba la chai la Mama Chepkoech. Upepo ukigeuka tuliletewa harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani, harufu kama ya nyasi zilizochemshwa, na king'ora cha kiwanda kikilia jioni nilijua Kuka ametoka zamu yake ya kulisha tanuri kuni na ugali uwe umeanza kusongwa. Ukuta wa jiko ulikuwa na nyufa. Maneno yote ya nyumba ile yalinifikia kupitia nyufa hizo, na mengi ya ninayoandika hapa niliyasikia hivyo, nimechuchumaa mbele ya moto.

Kukhu alijikata mwezi wa tatu. Alikuwa amekwenda kumsaidia Mama Chepkoech kuokota matawi katika sehemu iliyopogolewa, na kisiki cha mchai kikapenya gambuti yake kuukuu kikaingia chini ya kidole gumba. Hakusikia. Alirudi, akapika, akalala, akaamka, na siku ya pili nilipokuwa nikiosha gambuti ndipo nilipoona damu iliyoganda ndani. Nilimwita nikamwonyesha. Aliinua mguu akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Zahanati walimpima damu na kumwambia kuwa ana sukari, tena si ya jana, na kwamba mguu usiosikia maumivu ni moja ya dalili zake. Walimpa vidonge. Nesi aliyemfunga kidonda alikuwa msichana mpole, lakini hakuficha neno. "Mama, hiki kidonda hakitakauka kama sukari haijashuka. Kikiingia kwa mfupa, hapo hata mimi sina la kufanya. Ni hospitali kubwa, na watatoa kidole. Au mguu." Kisha akakunja ngumi ya Kukhu ndani ya mkono wake. "Ugali wako ni huu. Hii ngumi, usipitishe. Nusu ya sahani ni mboga. Halafu nyama, ama samaki, ama mayai. Kuku iko nyumbani? Hiyo ndiyo mzuri. Na chai, toa sukari." Kukhu aliitikia kila kitu. Kwenye neno kuku aliangalia pembeni.

Nilijua kwa nini. Kukhu alikuwa na kuku ishirini na mmoja, wote akiwajua kwa tabia, na katika maisha yake hakuwahi kuweka kipande cha kuku wala yai kinywani. Alizaliwa wakati ambapo kwetu kuku walikuwa wa wanaume na wageni. Mwanamke alimfuga, akamnyonyoa, akambabua kwenye moto mpaka ngozi ikawa ya dhahabu, akampika, akampeleka mezani kwa kupiga goti, kisha akarudi jikoni kula mboga yake. Wenzake wengi wa rika lake waliacha mwiko huo zamani. Mama yangu hakuufuata kabisa, na mimi nilikula mabawa na shingo tangu nikiwa mtoto. Lakini Kukhu alikuwa ameahidi mbele ya mama yake, na mama yake alikuwa amekufa, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kwenda kumwomba ruhusa. Alipika kuku kwa pua. Alifunua sufuria, akavuta mvuke mara moja, akasema, "Ongeza chumvi kidogo," ama "Acha, ameiva." Sikumbuki siku aliyokosea. Watu walitoka mpaka Sosiot kuja kula kuku wa Mama Wekesa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama yeye mwenyewe anaujua utamu wake.

Tulianza na ngumi. Jioni ya kwanza nilimsongea ugali wa kadiri ile, nikamwekea sukuma wiki nyingi na mboga ya managu. Alikula haraka, akaosha mikono, akakaa. Baadaye kidogo nilimsikia kupitia ufa akimwambia Kuka, "Nimekula lakini sijala. Nimekaa kama mtu anayengoja mgeni." Kuka akasema atazoea. Nilijaribu maharagwe, yakamjaza tumbo akashindwa kulala. Samaki wa kufika kwetu alikuwa mara moja moja, na nyama ya bucha ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Wiki ya pili nilimkuta jikoni saa kumi jioni, kabla ya chakula, akikwangua ukoko wa ugali wa mchana kutoka kwenye sufuria na kuulainisha kwa uji. Aliponiona hakuona haya. "Ukoko si ugali," alisema. "Nesi alisema ugali." Na chai aliacha sukari nyumbani kwetu tu. Kwa majirani alikunywa kama alivyoandaliwa, kwa sababu katika nchi ya chai kumrudishia mtu kikombe ni kumwambia kwamba nyumba yake haifai. Kila asubuhi nilimfungulia bandeji. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, na kilikuwa kimelowa vilevile, pembeni kimeanza rangi ya kijivu. Kulikuwa na harufu. Sikumwambia. Yeye mwenye pua ile hakuhitaji kuambiwa.

Mvua za mwezi wa nne zikaleta uyoga. Uliota kando ya mabanda ya ng'ombe ya Mama Chepkoech, mweupe, na Kukhu aliupenda kuliko nyama. Niliuchuma, nikaupasua kwa vidole, nikaukaanga na kitunguu na kumalizia kwa maziwa, na jioni hiyo alikula akashiba bila kutafuta ukoko. Uyoga ule ulidumu siku nne ukaisha, isipokuwa kidogo nilioukausha. Nilikuwa nimekaa nikiutazama ule wa mwisho kwenye ungo, jinsi ulivyopasuka kwa nyuzi, ndipo nikaona kwamba kidari cha kuku kikichemshwa sana kinapasuka vilevile. Wazo lile lilinitia hofu hata nikatoka nje nikasimama mvuani. Kisha nikaenda kwa Mama Chepkoech, kwa sababu sikujua kuchinja. Maneno yalinichukua muda. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mikono kiunoni.

"Unataka kuniambia miaka hii yote Mama Wekesa anapikia watu kuku, na yeye hajawahi kula?"

"Hajawahi."

"Hata mchuzi?"

"Hata mchuzi."

"Woi. Hata sisi nyanya zetu hawakuwa wanapenda kuku, lakini ni kwa sababu tuna ng'ombe. Kuku ni ndege tu imeamua kutembea." Aliangalia kule kwetu, akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi. "Lete huyo ndege. Mimi sina mwiko na yeye."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Ijumaa, Kukhu akiwa amekwenda maombi ya akina mama, nilimshika kuku mmoja nikampeleka nyuma ya banda la Mama Chepkoech. Tulimbabua huko huko ili nyumba yetu isinuke. Kuku mmoja nilimfanya chakula cha jioni tatu. Ijumaa ilikuwa kidari kilichopasuliwa nyuzi, pamoja na vijiti vichache vya uyoga wa kukausha niliouweka akiba, kitunguu, nyanya moja na maziwa. Jumamosi nilichambua mapaja nikayachanganya na mboga ya saga iliyolala usiku kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukatulia. Jumapili mifupa ilichemka na kabeji niliyoikata nyembamba sana kama nyuzi, nikaiacha ikauke ili iwe na kitu cha kushika vidoleni, maana mtu aliyekula kwa ugali maisha yake yote anaona ajabu kula kwa kijiko. Ugali wa Kukhu ulibaki ngumi, na mara nyingine aliacha nusu. Chakula kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima. Kuka aliongezewa ugali wake, mimi wangu. Nilipoulizwa ni nini, nilisema uyoga. Lilikuwa neno moja tu, na mtu anayesema maneno machache haulizwi mengi. Jioni Kukhu alipofungia kuku, alikuwa na desturi ya kuingiza mkono bandani na kuwagusa mmoja mmoja. Nilimwambia mwewe amechukua. Wiki ya pili mwewe akachukua tena. Wiki ya tatu alisimama mlangoni mwa banda akaangalia anga juu ya majani ya chai, akasema, "Mwewe wa Mogogosiek anapenda sana Ijumaa." Niliingia jikoni haraka, nikashukuru kwamba mzee amechoka na hafikirii sana.

Lakini kulikuwa na shida moja ambayo mtu wa kabila lingine asingekuwa nayo. Ilikuwa imondo. Mama Chepkoech aliniambia nimpe paka. Sikuweza. Kuila mwenyewe sikuweza kabisa, afadhali ningekula sabuni. Nilikuwa nimemdanganya Kukhu, nimemsingizia mwewe, na hayo yote nililala nayo, lakini imondo ya nyumba ya Kuka haikuweza kwenda mahali pengine. Kwa hiyo kila Ijumaa niliipika kando, nikaiweka kwenye sahani yenye ukingo wa buluu chini ya mboga, nikampelekea. Ijumaa ya kwanza aliikuta, akaacha kutafuna, akaniangalia, akaendelea. Ya pili vilevile. Ijumaa ya tatu alikuja mpaka mlango wa jiko. Mwanamume wa kwetu haingii jikoni, basi alisimama nje amenipa mgongo, akaongea akitazama shamba la chai.

"Nekesa."

"Kuka."

"Wiki ya tatu hii nakula imondo. Wageni siwaoni."

Nilikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

"Kuku akishatoa imondo, yeye mwenyewe anaenda wapi?"

Nilinyoosha kidevu kuelekea sahani ya Kukhu iliyokuwa imefunikwa kando ya moto. Aligeuza kichwa kidogo, akaona, akarudi kutazama chai. Wachumaji walikuwa wakiitana njiani.

"Anajua?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi hata mimi sijui," alisema. Akaanza kwenda, akasimama. "Na mguu?"

"Pembeni umeanza kukauka, Kuka. Ile rangi imetoka."

"Basi mwewe aendelee."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia ile bandeji kuanzia mwezi wa tano. Kwanza harufu ilikwisha. Halafu chini ya kidonda pakawa pekundu, pekundu safi, na kila baada ya siku chache nilikipima kwa ncha ya kidole changu kidogo nikaona kimenipungukia. Nesi naye alishangazwa na kipimo cha sukari. "Mama, unakula nini siku hizi?" Kukhu alijibu, "Mboga. Na uyoga." "Uyoga gani huo?" "Mjukuu wangu ndiye anajua," alisema Kukhu, na wote wawili wakanigeukia, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Ilikuwa wiki hiyohiyo ambapo, katikati ya chakula, Kukhu alitoa kitu kinywani, akakiweka polepole kwenye ukingo wa sahani. Kilikuwa kimfupa chembamba cha ubavu. Kuka alikiona. Mimi nilikiona. Kukhu alikunywa maji, akachukua tonge jingine. "Uyoga huu umekomaa," alisema.

Mwezi wa nane wakaja wageni. Ndugu yake Kuka, mzee Simiyu, alitoka Bungoma na mke wake kumjulia hali Kukhu, wakakaa siku nne. Mzee Simiyu alikuwa mtu wa desturi mpaka kwenye vidole. Kwa wageni hao sufuria ilikuwa wazi, kuku alichinjwa mchana peupe, na Kukhu mwenyewe alichukua mwiko. Nilijaribu kumpikia uyoga wangu kando, akaniondolea sufuria mkononi bila ukali. Angekulaje cha kwake mbele ya wageni? Na mwenyeji asipokula na wageni ni kama anawaharakisha waende. Basi alikaa jikoni na mke wa Simiyu, wakala mlima wa ugali na mboga, chai ikaja na sukari kwa sababu mgeni hapewi chai chungu, na waliongea na kucheka na mimi nikihesabu vikombe. Siku ya tatu asubuhi nilifungua bandeji. Palikuwa pamelowa. Katikati, mahali palipokuwa pameanza ngozi mpya kama karatasi, pamefunguka tena. Kukhu alipaangalia, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukiogopa. "Funga," aliniambia. "Wageni wanaondoka kesho." Lakini nilijua baada ya Simiyu kungekuwa na wengine. Mguu ukipona, wangekuja kupongeza. Usipopona, wangekuja zaidi.

Nilikwenda kumngoja Kuka kwenye kona ya njia ya kiwanda. Sikuwahi kufanya hivyo. Aliponiona alisimama na fimbo yake, akifikiri kuna kifo. Nilimwambia, "Kidonda kimefunguka." Nilitaka kuongeza mengine lakini yaligoma. Tulitembea mpaka nyumbani.

Jioni hiyo niliandaa meza. Kukhu aliingia kuleta maji ya kunawa, na Kuka akamwambia, "Mama Wekesa, leo keti hapa." Mzee Simiyu aliinua macho. Kukhu aliketi kwenye ukingo wa kochi kama mtu atakayeondoka. Nilimwekea Kuka sahani yake ya buluu na imondo juu kabisa, ikimeremeta. Akaomba kwa kifupi. Kisha akashika imondo kwa vidole viwili, akanyoosha mkono kupita mbele ya ndugu yake, akaiweka kwenye sahani ya Kukhu.

Mzee Simiyu alisema kwa kilugha, taratibu, "Ndugu yangu, unafanya nini?"

"Naona unaona," Kuka alijibu.

"Baba Wekesa," Kukhu alisema akitazama magoti yake, "unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu ni mimi kubaki na imondo na wewe ubaki na mguu mmoja. Hii ni yangu, si ndiyo? Tangu nikuoe umekuwa ukiniambia ni yangu. Basi nimempa ninayetaka. Kula. Kama kuna neno litakuja, lina mwenyewe. Lije kwangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, nusu nje. Kukhu aliiangalia imondo. Nilifikiri atainuka. Kisha alikata kipande kidogo kwa meno ya mbele, kama mtu anayejaribu uzi, akatafuna. Akatafuna sana. Mke wa Simiyu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kukhu akameza, akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni.

"Nekesa."

"Kukhu."

"Chumvi haijafika."

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Simiyu. Alicheka mpaka akakohoa, na nyumba yote ikamfuata, na mke wake akavuta sahani ya kuku karibu na Kukhu, akamchagulia paja, halafu, baada ya kumtazama mume wake kwa jicho la pembeni, akajichagulia na yeye.

Baada ya wageni kuondoka, tulikuwa jikoni tukichambua saga. Nilikuwa nimejikaza kuanzia asubuhi ili nikiri. Nilisema, "Kukhu, ule uyoga," na Kukhu akasema, "Siku ya kwanza nilijua kabla hujafunua sufuria. Nimepika kuku kabla mama yako hajazaliwa, unafikiri pua yangu imelala? Na yule mzee anavyotafuna imondo, unaweza kumsikia kutoka kiwandani." Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alivunja shina moja, akalitupa. "Ningesema, ingebidi nikatae. Mtu aliyelishwa bila kujua hana kosa. Nilitaka nikae bila kosa, na nikae na mguu." Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kidari nilikuwa nakichemsha kupita kiasi. Tangu siku hiyo alinifundisha upya, safari hii kwa ulimi. Tulionja pamoja. Aligundua kwamba anapenda shingo, na kwamba mchuzi wake mwenyewe, ambao watu waliusifu miaka yote, ulizidi tangawizi. "Na hakuna aliyeniambia," alilalamika kwa Mama Chepkoech, ambaye aliketi kwenye mlango wetu na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, akasema, "Walikuwa wanakuogopa, Mama Wekesa. Hata mimi." Mwezi wa kumi na mbili Kukhu alivaa viatu vya kufunga akaenda kanisani kwa miguu miwili. Vidonge anameza mpaka leo, na ugali wake ni ngumi.

Nimeishi na mwaka ule tangu hapo. Sasa napika katika shule moja upande wa Sosiot, sufuria za watoto mia kadhaa, na bado mgeni akiingia mlango wa mbele miguu yangu inatafuta wa nyuma. Watu hufikiri Kuka alikuwa mtu wa hasira kwa sababu hakuongea. Mimi namkumbuka akinipa mgongo mlangoni mwa jiko, akisema hata yeye hajui. Nadhani tulielewana kwa sababu wote wawili maneno yalitugharimu, na tulipokuwa na la kusema tulilipitisha kwenye chakula.

"Nekesa," mjomba Wekesa aliita tena.

Nilitoka jikoni. Nilichukua sahani yenye ukingo wa buluu kutoka juu ya kabati, nikaifuta kwa upindo wa leso yangu, nikaweka imondo. Sebuleni waliona sahani ile wakageuza vichwa. Nilipita mbele ya kiti cha Kuka. Mjomba alikuwa ameshaanza kuinua mkono kupokea, akaushusha. Nilipiga goti mbele ya Kukhu, nikampa kwa mikono miwili.

"Ni ya mwenye nyumba," nilisema, na nikasikia kwamba nimesema kwa sauti.

Kukhu aliitazama sahani, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe. Mjomba Wekesa alisogeza kiti nyuma kidogo. "Kula, Mama," alisema. Neno la nani atakaa na Kukhu, ambalo walikuwa wamelibishania asubuhi nzima, halikurudi tena. Alibaki kwake.

Aliuma nusu, akatafuna bila haraka, macho ameyafumba. Tulingoja. Kisha akachukua ile nusu iliyobaki, akanyoosha mkono, akaniwekea mdomoni kama mtoto, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimezipika nyingi sana na sikuwahi kuonja hata moja. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, na utamu wake ulikuja polepole, mwishoni.

"Sema wewe," Kukhu aliniambia mbele ya watu wote. "Imefika?"

"Imefika, Kukhu."